Nani Alikataa Kupunguza Upepo wa Matairi

Southside,
Gympie, Queensland.
4 Mei 2025

Mpendwa mdogo wangu Coralie,

Natumaini barua hii itakukuta umesimama kwa miguu yako, wewe na mumeo Magnus, na kwamba baridi ya huko Bergen imechoka kuwafungia ndani. Kile kikohozi chako kimekwisha? Tulipozungumza Krismasi ulikuwa unakohoa kila baada ya maneno mawili, nikakosa raha siku nzima. Kama bado, nenda kwa daktari, usijitie ujasiri.

Mimi ni mzima. Goti linanisumbua nikipanda ngazi, lakini nisipopanda halinisemeshi. Mvua zimenyesha sana mwaka huu, mto ulijaa ukatutisha, kisha ukarudi mahali pake. Bustani imekuwa msitu. Shangazi Merle bado anacheza karata na bado anaiba, na ukimkamata anasema ni macho.

Hayo ndiyo mema niliyokuwa nayo, yameisha. Sasa vuta kiti ukae, maana nina hasira, na sehemu ya hasira hiyo ni yako.

Warwick amenitumia ujumbe uliomwandikia. Umesema kwamba kama Baba amefikia hapo, basi atafutiwe nafasi kwenye nyumba ya wazee, na kwamba wewe huna pingamizi. Umeyasema hayo kwa sababu kaka yetu amekuambia akili za Baba zimeanza kupotea, na ushahidi wake ni yaliyotokea kisiwani K'gari siku ya Ijumaa Kuu. Mimi nilikuwepo, Coralie. Ningekupigia simu, lakini najijua: ningefoka, ungekata, na Baba angeondolewa nyumbani kwake huku sisi wawili tumenuniana.

Tulienda kama kila Pasaka, safari hii na Tamsin, mchumba wa Warwick. Baba hakuendesha, kwa sababu alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa jicho na daktari amemkataza usukani mpaka lipone. Kwa hiyo trela lake la kambi, lile lile aliloliunda na Mama pale gereji, lilifungwa nyuma ya gari jipya la Warwick. Mimi nilifuata na gari langu, Tamsin akiwa nami, kwa sababu Warwick alijaza viti vyake mbao za kuteleza mawimbini.

Unapakumbuka pale kabla ya pantoni, chini ya miti, ambapo kila gari husimama lipunguze upepo wa matairi kabla ya kukanyaga mchanga, maana tairi gumu huzama. Wanaume wamechutama foleni nzima, kila mmoja na tairi lake, fsss, fsss, kama vyura. Sisi jambo hili tumelijua kabla ya kujua kusoma. Warwick alipunguza manne ya gari lake, akarudi kwenye usukani. Baba akashuka na kipimo chake mkononi, akaliendea trela.

"Bado haya mawili," akamwambia.

"Trela halina injini, Baba. Linafuata tu linakopelekwa."

"Linafuata likiwa juu ya mchanga. Likizama halimfuati mtu."

"Mzee, panda gari bwana! Pantoni hiyo inaondoka, wenzetu watatuwahi mahali pazuri."

Baba aliinama hata hivyo, akaanza kufungua kifuniko cha tairi. Warwick akapiga honi. Watu wakageuka kutazama. Baba akakifunga kile kifuniko, akatia kipimo mfukoni, akapanda. Mimi nilikuwa hatua chache nyuma yao, niliyasikia yote. Tamsin alikuwa kwenye foleni ya choo, hakusikia neno. Shika hilo, maana ndilo lililotuponza.

Tulivuka vizuri. Maji yalikuwa yamekupwa, ufukwe mgumu, na Warwick akawa anawainulia kidole cha salamu madereva wanaopishana naye kana kwamba kisiwa ni chake. Lakini alisimama dukani kununua barafu, na pale akaanza kuwaonyesha watu gari lake, injini yake, taa zake. Tulipoondoka maji yalikuwa yamegeuka na yanapanda.

Njia ya kuingilia kambini inakata kwenye vilima vya mchanga, nyembamba, na mchanga wake ni laini kama unga wa ngano. Trela liliingia, likazama mpaka kwenye ekseli. Mtu mwenye akili hapo husimama. Warwick akakanyaga mafuta. Magurudumu yakachimba, trela likalala upande, na mkono wake wa kuvutia ukapinda. Nyuma yetu kulikuwa na msururu wa magari yanayotaka kuingia njia hiyo hiyo, na bahari inawafuata nyuma.

Watu wakashuka na mabeleshi. Akaja Lindsay Kehoe, yule mwenye ndevu anayepiga kambi jirani na sisi tangu tukiwa wadogo. Akagonga tairi la trela kwa ngumi, likalia kama ngoma.

"Mtakatifu gani huyu kaja kwenye mchanga na tairi limejaa namna hii?"

Mimi nilikuwa upande wa pili, nimepiga magoti nachimba. Nikamsikia kaka yetu, kwa sauti tamu kabisa:

"Ni Mzee. Yeye ndiye mtu wa matairi kwetu. Aliniambia ameshapunguza. Umri, Lindsay, unajua tena."

Niliinuka. Baba alikuwa amesimama pale, kofia mkononi. Akamtazama Warwick. Kisha akamtazama Tamsin, aliyekuwa amefika na beleshi lake na anasikiliza. Nilidhani atamkaripia mwanawe mpaka kisiwa kisikie. Akasema, "Ni kweli. Nilisahau. Nisameheni, jamani."

"Baba!" nikasema.

"Chimba, Nerida."

"Baba, si wewe uli..."

"Nimesema chimba."

Lindsay akamgeukia Baba akicheka, si kwa ubaya. "Clem! Wewe? Wewe uliyenivuta mimi kwenye mchanga ukanisimanga Pasaka nzima? Leo nimekupata!" Wote wakacheka. Lakini mama mmoja, ambaye gari lake lilikuwa la mwisho na maji yanalamba matairi yake, na mtoto analia ndani, hakucheka. Alikuja mpaka mbele ya Baba akamwambia, "Wazee kama nyinyi muachwe nyumbani. Mtatuulia watoto." Ana haki ya kukasirika mama yule, sikatai. Baba akaitikia kwa kichwa. Warwick alikuwa anafunga kamba, amejitia hamnazo.

Lindsay alitutoa. Na kwa desturi ya pale, aliyevutwa hutoa katoni ya bia. Warwick alikuwa na katoni mbili kwenye friji ya gari. Aliyevuka vilima na katoni begani kumpelekea Lindsay ni Baba, bia yake mwenyewe, na jicho lake lina bandeji. Hilo peke yake lilitosha kunipandisha mori.

Tulipomaliza kusimamisha mahema nilimvuta Warwick kando.

"Nenda kwa Lindsay umwambie ukweli."

"Ukweli gani, Dada? Mzee mwenyewe amekubali."

"Amekubali kwa sababu yako, mjinga wewe!"

"Basi kama amekubali, kinachokuwasha nini? Wamecheka, wameenda zao. Kwani kimempungukia nini?"

Ngoja nikuambie kilichompungukia. Siku zote tulizokaa, watu walipita kambini wakaongea naye kwa sauti ya juu, polepole, kama mtu anayemfundisha kasuku. Jirani mmoja alinong'ona nami, Baba ameketi hapo hapo, akanishauri jiko la gesi niliweke mbali naye. Vijana wawili wa kike walikuja kumtafuta awafundishe kutoa minyoo ya chambo maji yakipwa, kama anavyofanya kila mwaka. Unajua anavyojivuna kwa hilo: anaburuta samaki aliyeoza juu ya mchanga, mnyoo anachungulia, na yeye anambana kwa vidole kabla hajarudi chini. Aliwaambia mgongo unamuuma. Haukuwa unamuuma. Alikaa kwenye kiti cha kukunja, ameipa bahari mgongo, mpaka tulipofungasha.

Nilimuuliza kwa nini. Tulikuwa bombani tunaosha vyombo.

"Mwenzake alikuwa anasikiliza," akasema. "Kijana hachekwi mbele ya mwanamke anayetaka kumwoa. Mimi nimeshaoa na nimeshazika. Wakinicheka mimi, wamemcheka nani?"

"Wamekucheka wewe, Baba."

"Sufuria hiyo bado ina mafuta," akasema.

Nilinyamaza kwa heshima yake, na kwa heshima hiyo hiyo leo nalipuka. Maana sikujua Warwick angeichukua zawadi ile aliyopewa na baba yake na kuigeuza kisu. Aliporudi mjini akaanza: Baba anasahau. Baba si wa kuachwa peke yake. Nusura Baba atuzamishe kisiwani. Nusura Baba atuzamishe! Na kinachonitia wazimu ni kwamba sasa anaamini. Nikimtazama usoni sioni hata haya. Ameusema uongo mara nyingi mpaka amehamia ndani yake na kuweka mapazia. Yeye na Tamsin wanatafuta nyumba, na nyumba ya Baba ina vyumba vitatu na uwanja. Sitasema zaidi ya hapo, umbea si kazi yangu.

Nawe, Coralie. Wewe Baba alikufundisha kuendesha ufukweni kabla miguu yako haijafika vizuri kwenye pedali. Umeambiwa na Warwick, yule yule aliyesema paka ndiye aliyevunja dirisha la kanisa, na ukamwamini kwa ujumbe mmoja? Hukuona hata haja ya kuuliza? Mtu huyu unayetaka apelekwe kwenye nyumba ya wazee ameunyoosha ule mkono wa trela mwenyewe na kuuchomelea, jicho moja limefumba. Wiki iliyopita amenikumbusha kwamba Magnus hali vitunguu, endapo mtakuja. Mimi nilikuwa nimesahau. Basi nipelekeni mimi.

Jana nilikwenda kwake nikamsomea mliyoandikiana wewe na Warwick. Niliona ni afadhali ayasikie kutoka kwangu kuliko aone gari limekuja kumchukua. Alikuwa gerejini, chini ya trela, anasugua kutu kwa mashine. Nikamsomea kwanza ya Warwick. Hakuzima hata mashine. Alisema tu, "Huyo ana mambo yake," akaendelea kusugua.

Kisha nikamsomea yako.

Akazima. Akatoka chini ya trela polepole, akavua glavu, akakaa kwenye kigoda chake.

"Coralie naye amesema hivyo?"

"Ndiyo, Baba."

"Coralie?"

"Ameandika, Baba. Ni hii hapa."

Akawa anazigeuza zile glavu. Nilikuwa tayari kwa hasira zake, nilizitamani hata. Ndipo akaniangalia, Coralie, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeuliza njia katika mji asioujua.

"Wewe ulikuwepo, Nerida. Hebu niambie. Nilisahau kweli?"

Nimemwambia hapana. Nimemwambia kila kitu, honi, kifuniko cha tairi, kipimo mfukoni. Akaitikia "haya, haya", vile tunavyowaitikia watu wanaotuonea huruma. Hanisadiki. Anadhani namfunika kama yeye alivyomfunika Warwick. Neno la Warwick halikumtikisa, na langu halimsaidii. Lako ndilo lililomvunja, na ni wewe tu unayeweza kulifuta. Usinijibu mimi. Namba yake ya simu haijabadilika, na asubuhi yote yupo ndani, anaogopa kutoka nje asije akasahau kitu.

Nisalimie Magnus na mama yake, Bi Solveig. Mwambie soksi alizonifuma bado zinanipasha moto. Shangazi Merle anakusalimu, na jirani Hazel pia. Warwick hajatuma salamu, nami sikumwomba. Mungu akuweke na afya, akulainishie kifua hicho, na aufungue mdomo wako kabla siku haijaisha.

Ni mimi dada yako, niliyekukasirikia na ninayekupenda,

Nerida