Sponji ya Shaib na Mafuta ya Mama

Kigombe,
Wilaya ya Muheza,
Tanga.

Jumanne, 12 Agosti 2025

Mpendwa mdogo wangu Shaib,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo yako naihesabu imekwisha kufika, marahaba. U hali gani huko Maskati? Lile jino ulilosema linakusumbua umeling'oa, au bado unalipoza kwa karafuu? Joto je, limepungua? Sisi hapa wazima kwa uwezo wake Mola. Kipupwe cha mwaka huu kimekaza, Mama analala na kanga mbili, lakini hana homa na anakula vizuri.

Utashangaa kupata karatasi badala ya sauti. Sababu ni kwamba simu yangu siku hizi ni ya Mama. Ujumbe wako ukiingia hunitaka niuweke kwa sauti kubwa, ausikilize mara tatu, kisha amwite jirani ausikilize mara ya nne. Nami nina jambo la kukwambia ambalo sitaki alisikie. Yasini, yule aliyetuletea mzigo wako, anarudi huko Alhamisi, kwa hiyo barua hii nampa yeye mkononi, na nimemkanya asiifungue, ingawa namjua.

Umeniuliza mara mbili kuhusu ile sponji ya pikipiki, filta ya hewa uliyotuletea, kama inafanya kazi na kama ununue ya pili. Kila mara nimejibu alhamdulillahi na kugeuza mazungumzo. Wewe ukadhani shemeji yako Saleh ameidharau zawadi yako na kurudisha filta ya karatasi kwa ujeuri. Ukanyamaza siku nne. Shaib, siku zako hizo nne Mama alizihesabu kwa vidole. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Sponji ilifika salama. Chupa ya mafuta yake ndiyo haikufika, walimzuia nayo Yasini uwanja wa ndege. Saleh akasema si neno, atatia oili ya injini kidogo, aikamue, aifunge. Na kwa kweli tulikuwa na haja nayo, usifikiri tuliipokea kwa heshima tu. Ile ya karatasi ilikuwa imechoka. Vumbi la mashamba ya mkonge lilikuwa limeigeuza rangi ya tofali, na kila nikienda Muheza na pweza wangu lazima nisimame njiani niikung'ute.

Basi Saleh akaifua sponji, akaianika, akaenda kuswali adhuhuri. Aliporudi aliikuta imekwisha kupakwa, inang'aa. Akadhani nimepaka mimi. Nami nilipoiona mkononi mwake nikadhani kapaka yeye. Akaifunga. Hakuna aliyemuuliza mwenzake, maana humu ndani wote tunajifanya mafundi.

Alasiri ileile nikampakia Mama tukaenda Amani kwa Mama Mkubwa Mwatumu. Unajua pumu yake ilivyo, na alikuwa ametuma salamu kwamba anataka kumwona mdogo wake. Pikipiki ilipanda mlima bila kulalamika. Nikakusifu njia nzima, na Mama nyuma yangu akawa anaitikia kila sifa. Tulifika jua halijatua, tukalala huko.

Kulipokucha ukungu ulikuwa umefika mlangoni. Mama Mkubwa kifua kilikuwa kimembana, kila pumzi anaivuta kwa mabega. Dawa yake ya kuvuta ilikuwa imekwisha, duka la karibu hawakuwa nayo, na vijana wa bodaboda walikuwa wameshateremka gulioni. Nikabaki mimi wa kwenda Muheza. Nikapiga kiki, pikipiki ikawaka, ikakohoa, ikazima. Nikapiga tena. Nilipiga mara nane. Huku nyuma namsikia Mama akimwambia dada yake, "Vuta taratibu, Nasima anakwenda." Nami siendi popote. Niliogopa, Shaib. Sijapata kuogopa vile tangu siku tuliyomzika baba.

Nikaisukuma mpaka kwa fundi mmoja, Msambaa, anaitwa Fanueli. Mtu mtaratibu kiasi cha kukutia wazimu ukiwa na haraka. Akatazama plagi. Akatazama kabureta. Ndipo akafungua kisanduku cha filta, na sponji yako ilikuwa nyeupe, imekuwa ngumu kama mshumaa. Akaikwangua kwa ukucha, akanusa, akaninyooshea kidole na mimi ninuse. Mlangilangi.

"Dada," akaniambia, "hii siyo oili. Haya ni mafuta ya kichwa."

Nilijua palepale. Kigombe nzima hakuna anayetia maua ya mlangilangi kwenye mafuta ya nazi isipokuwa Mama, kama alivyofundishwa na bibi kule Pemba. Alikuwa amekusikia kwenye simu ukituhimiza tusisahau kuipaka mafuta, naye akachukua chupa yake ile bora, ya kufungulia Idi, akaipaka mpaka ikashiba. Hata hapa kwetu kipupwe kikikaza huwa tunaianika chupa hiyo juani kabla ya kujipaka. Sembuse Amani, pikipiki imelala nje usiku kucha. Mafuta yaliganda, na injini haikuwa na pa kuvutia hewa.

Fanueli hakucheka, na kwa hilo namwombea dua mpaka leo. Pikipiki yake ni aina ileile ya yetu, ila injini ilikuwa chini, imefunguliwa vipandevipande. Akachomoa filta yake ya karatasi akaifunga kwangu. "Hii haina maringo," akasema, "haitaki kupakwa chochote. Nenda." Nikaitia sponji mfukoni, nikateremka. Adhuhuri haijaadhiniwa nilikuwa nimerudi na dawa. Mama Mkubwa akavuta mara mbili, mabega yakashuka. Alipoweza kusema akaomba chai ya tangawizi, kisha akamlaumu Mama kwamba sukari haikutosha. Hapo na mimi nikaweza kukaa chini.

Mama aliniuliza pikipiki ilikuwa na nini. Nikamwambia petroli iliingia maji. Ningemwambiaje kwamba mkono wake wa mapenzi ulikaribia kumkosesha dada yake pumzi? Tangu siku hiyo kila jioni huniuliza, "Mzigo wa Shaib bado umo kwenye pikipiki?" nami humjibu umo. Haumo. Uko kabatini. Nimeufua kwa sabuni ya unga mara tatu na bado unanukia.

Sasa jibu la swali lako. Kwa alivyonieleza Fanueli, sponji si kitu kibaya hata kidogo. Inafuliwa, inakaa miaka, na vumbi jembamba inalinasa. Lakini inataka mafuta yake yenyewe, kwa kipimo, ikamuliwe, na mtu mwenye nafasi ya kuihudumia. Yakizidi inaziba, yakipungua vumbi linapita mpaka ndani ya injini. Ya karatasi haifuliwi, na ikilowa ndiyo basi, ila ikichoka naenda Muheza nachukua nyingine na kazi inaendelea. Mimi naamkia pweza, mdogo wangu, sina nafasi ya kulea filta. Na katika nyumba hii chochote kitakachosemwa kipakwe mafuta, Mama atakipaka kwa mkono wake na kwa mafuta yake. Kwa hiyo tumeshika ya karatasi. Usinunue sponji ya pili.

Saleh hakukudharau. Yeye ndiye aliyepanda tena Amani kumrudishia Fanueli filta yake, na pweza mkavu mkubwa juu. Mpigie, useme naye vizuri. Anajifanya hajali lakini kanyong'onyea.

Nilikuwa nimefika hapo, najiandaa kukuapisha usimwambie Mama lolote, mara akaingia mwenyewe akaketi kitandani. Miwani hakuwa nayo, kwa hiyo sikuificha karatasi. Akauliza kama nakuandikia wewe. Nikasema ndiyo.

"Mwambie mafuta yangu yaliganda," akasema.

Kalamu iliniponyoka. Kumbe alijua tangu asubuhi ileile. Nilipokuwa nampa Mama Mkubwa dawa, aliisikia harufu ya mlangilangi mikononi mwangu. Kila jioni alipokuwa akiniulizia mzigo wako, alikuwa ananipa nafasi ya kusema, na mimi kila jioni nikawa naikataa. Wiki tatu nzima mimi namficha yeye, naye ananisitiri mimi. Nilimshika miguu nikamwomba radhi. Akaniambia hakuna radhi ya kuombwa, kosa ni la mkono wake. Alipoishika ile sponji, laini, imetoka kwako, alikumbuka ulivyokuwa mdogo ukitaka kukimbilia chuo cha Kurani na nywele kavu, naye anakukamata mlangoni akupake. Ndipo mkono ukazidi. Nililia, Shaib, sikufichi.

Kisha akatoa chupa ndogo aliyokuwa ameifunga kwenye upindo wa kanga, akaiweka juu ya barua hii. Doa utakaloliona hapa ndilo hilo. Alitaka Yasini akuletee. Nikamwambia haitapita uwanja wa ndege, wataizuia kama walivyoizuia ile yako.

Akaichukua chupa yake, akaifunga tena kwenye kanga.

"Basi yasisafiri mafuta," akasema. "Mwenye kichwa aje."

Saleh anakusalimu. Mama Mkubwa Mwatumu anakusalimu kwa pumzi zake mwenyewe, na chai yake sasa anaiwekea sukari kwa mkono wake. Msalimie wifi yangu Salme na watoto, uwabusu kwenye paji la uso. Mwenyezi Mungu akuhifadhi kwa mchana na usiku, akufungulie njia ya kurudi kama alivyokufungulia ya kwenda, nawe uukute mkono wa Mama bado una nguvu.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ukininunia siku nne,

Nasima