Maji ya Kuzimia Makaa ya Vifuu

Mama yangu wa Muyeye,

Nimekukasirikia, na ubaya wa kumkasirikia aliye kaburini ni kwamba hajibu. Nawe ulivyokuwa hodari wa kujibu!

Nilikueleza ukiparua samaki: kuna mtambo unaotoa umeme kwa hidrojeni na hewa, bila moshi, ila ndani yake wataka kichocheo cha platini, madini ghali ajabu. Mimi nilitaka kutengeneza kichocheo hicho kwa makaa na chuma. Ukacheka. "Platini huna, makaa ninayo. Chukua." Nikayasaga makaa yako ya vifuu, nikachanganya na chumvi ya chuma, nikaoka tanurini chuoni. Mama, kikafanya kazi! Walimu wangu wa Kilifi walikipima mara tatu kwa kutoamini.

Kisha ukatutoka, na makaa yako yakaisha. Tangu arubaini yako nachoma vifuu mwenyewe. Pipa lako lilelile, maji safi ya kuzimia. Nikipima, hamna kitu! Mwalimu mkuu wa mradi akanambia nisipoweza kukirudia kufikia mwisho wa mwezi huu, anaufunga. Wenzangu sasa wananitazama kama mwongo, ila kwa adabu, na hiyo adabu yao ndiyo inayoniudhi.

Na nilikuuliza, wallahi! Daftari mkononi.

"Mama, makaa unayazimaje?"

"Kwa maji."

"Maji gani?"

"Maji, mwanangu, maji! Kwani yako mangapi?"

Juma lililopita ndipo Mama Mdogo Zuhura, nduguyo, akanambia hukuwahi kumwagia makaa maji ya kunywa, na maji yenyewe ya shida hapa mtaani. Ulizimia kwa maji uliyooshea samaki. Nikamaka! Kumbe yale ndiyo yaliyokuwa yakitia kitu kwenye makaa, nami nasafisha, nasuuza, najiona mtaalamu. Nikaenda kujaribu. Jana nimepima, na kimefanya kazi kama kile cha kwanza.

"Sasa mbona alinificha?" nikamfokea Mama Mdogo.

Naye akanirudishia swali: "Siku walimu wako walipokuja hapa, si ulimwambia mamako akabadilishe leso, yanuka vumba? Ukaja baadaye na daftari lako, akutajie maji ya samaki?"

Nilisema, Mama. Mbele ya wageni nilisema.

Kwenye ripoti nimeandika: maji ya kuoshea samaki, kwa njia ya mamangu. Mwalimu ataka kuja kukushukuru nyumbani. Bado sijamwambia kwamba hupo.

Nisamehe.

Mwanao aliyekutia haya