Mti Uliopakwa Nyekundu

Modogashe

Kwa Mama yangu, tulizo la moyo wangu,

Shikamoo Mama. Naomba barua hii ikukute umekaa barazani, na goti limekuachia kidogo. Bado unalikanda kwa mafuta ya simsim? Sisi huku wazima, mimi na Baba Rehema, na mjukuu wako sasa anatembea, anaanguka, anainuka, anajicheka mwenyewe. Joto tu ndilo linatumaliza. Nimeona niandike, maana kwenye simu nikianza kulia vocha inaisha kabla sijasema neno. Mwambie Ali akusomee polepole, asiruke.

Mama, Ayeeyo ameondoka.

Hujamwona lakini unamjua, ni yule bibi jirani ninayekutajia kila siku. Ayeeyo kwa Kisomali ni bibi, na yeye naye humwita Rehema ayeeyo, basi wanaitana jina moja kutwa. Nilipofika huku Baba Rehema anashinda njia panda akiziba pancha za malori, mimi sina ndugu, maziwa yamenikauka, mtoto analia. Ni yeye aliyeingia bila hodi na kikombe cha maziwa ya ngamia. Nikasikia harufu ya moshi, nikadhani yameungua. Akanicheka, akiniita mama kwa Kisomali: "Hii si kuungua, hooyo. Hii ni dawa ya maziwa."

Wanawake wa huku kabla ya kukamua hukifukiza chombo ndani kwa kijinga cha mti maalumu, kama wewe unavyofukiza nguo kwa udi. Maziwa hayo yanapanda basi mpaka Garissa kwenye jua kali na hayaharibiki. Mti wenyewe wanauita mareer. Wa Ayeeyo ulikuwa nyuma ya boma lake, aliachiwa na mamake, na hakuwahi kuutoa tawi bichi. Aliokota vijiti vilivyokauka tu, na watoto wakala matunda. Mtu akiusogelea na panga alifokewa: "Wewe! Huyo ni mama yangu, mwache!"

Basi wakaja vijana wa utafiti, watu wapole, wakawa wanauliza kuni tunatoa wapi, maji tunachota wapi, ukame ukija tunakula nini. Mimi nikawa nawapikia chapati. Wakachagua miti, wakaipaka mkanda wa rangi nyekundu shinani, ili kila msimu warudi kuipima unene, wajue inakua au inakwisha. Hayo waliyaeleza kwa chifu, mbele ya wazee, nami nikayasikia nikipeleka chapati. Wazee wakanywa chai, wakakubali, wakafuata ngamia wao. Nyumbani hakuna aliyewaambia wanawake, hata mimi nilidhani wanajua.

Na rangi nyekundu Mama unaijua. Barabara ilipopita huku, kila kilichopakwa nyekundu kiliangushwa, kibanda, ukuta, mti. Kwa hiyo wanawake walipouona ule mkanda walisema imekwisha, miti yetu imeuzwa. Heri tuchukue wenyewe kuliko trekta lije ling'oe mpaka mzizi.

Mimi nilikuwa Garissa, Rehema ana homa. Siku niliyorudi nilisikia shoka kabla sijafika mlangoni. Ayeeyo alikuwa anaukata mwenyewe, hataki msaada. Mtandio umemdondoka mabegani wala hajali, mtu ambaye hata mbele ya kuku hajifunui kichwa.

"Ayeeyo, kwa nini?"

"Wanachukua. Bora mkono yangu."

"Hawachukui! Ile rangi ni ya kupima tu. Wanataka uishi."

Shoka likasimama. "Kubima?" akaniuliza kwa lafudhi yake. "Kubima tu?"

"Kupima tu, Ayeeyo."

Mti ulikuwa umeshalala. Kisiki kimebaki na mkanda wake mwekundu, kama mgonjwa aliyefungwa bandeji. Akakaa chini akaupapasa kwa kidole, taratibu. "Mbona hawakuniambia mimi?" akasema. "Wazee anakunywa maziwa. Hajui inatoka wapi."

Wale vijana walikuja kumpa pole, wakakaa naye mchangani, lakini pole haisimamishi mti. Kuni zake alizitumia mpaka zikaisha, na majirani nao walikuwa wameshakata ya kwao. Akajaribu mti mwingine, maziwa yakatoka machungu. Yakafika Garissa yamekatika, mnunuzi akampigia simu kumkejeli: "Leo umekamua ngamia au umekamua jerikeni?" Alizoea kumjibu mtu kama huyo, Mama, na ulimi anao. Siku ile alizima simu tu.

Basi akaamua kumfuata mwanawe upande wa Elwak, ambako wana mifugo. Asubuhi ya kuondoka alimwachia Rehema chombo chake cha zamani cha maziwa, kile cha kusukwa. Akaniambia, "Kisiki ikiota tena, nitumie salamu kwa dereva wa lori la Elwak. Nitarudi. Lakini usinidanganye kwa huruma."

Tangu hapo maji ya kumwogeshea Rehema nayamwaga pale kisikini. Majirani wananicheka: "Mswahili anaogesha gogo!" Acha wacheke. Rehema anaingiza kichwa ndani ya kile chombo, ananusa moshi, anaita "Ayeeyo!" na sauti yake inamrudia. Anadhani amejibiwa. Hapo ndipo huwa natoka nje.

Nisalimie Baba, na shangazi muuza mbaazi, na dada aliyejifungua, mwambie asimwache mtoto kwenye upepo. Ali nitamletea kanzu nikija, Mungu akipenda.

Mama, nilikuwa nimeshaikunja karatasi, nimeikunjua tena. Sasa hivi nimetoka na beseni nimemkuta mbuzi wa jirani kisikini, anatafuna. Nimemfukuza, nimeinama kutazama. Pembeni, chini ya ule mkanda, kuna kijiti kibichi chembamba, ncha imeliwa, na bado kinatoa maji. Nimelia kwa hasira, halafu nikajikuta nacheka peke yangu, maana wewe ndiye uliyenifundisha: mbuzi hahangaiki na kuni kavu.

Baba Rehema ameenda kukata miiba tuzungushie. Lori la Elwak linapita kesho. Sitasema mti umeota. Nitamwambia dereva amweleze hivyo hivyo nilivyoona, kwamba mbuzi amekula, na ameacha kidogo.

Niombee dua.

Ni mimi bintiyo,
Zuhura, Mama Rehema