Nafasi ya Katikati

Nyumbani, chumba chetu,
Jumapili, baada ya mvua.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kile kifua kilichokusumbua kwenye baridi kimeachia. Unakula lakini? Mama anasema kwenye picha ya mwisho shingo yako imekuwa ndefu. Nimemwambia ni kola ya koti tu, ila mjibu mwenyewe ili atulie. Sisi huku hatujambo. Baba mzima, mgongo wake ni uleule. Mama mzima, kutwa yuko dukani na mifuko yake ya chakula cha kuku. Mimi nasoma, nimebadilishiwa miwani, na kitanda chako bado nakitandika ingawa nimekijaza vitabu.

Nataka nikusimulie habari ya pikapu. Kwenye simu hutaambiwa, maana Baba akishika simu anauliza hali ya hewa ya huko kisha anampa Mama.

Unakumbuka uliposema kwenye simu labda utakuja shule zikifungwa. Ulisema "labda", nilisikia vizuri, nilikuwa nimeegemea bega la Mama. Baba hakulisikia hilo neno, au alilisikia akaliacha lipite. Kesho yake alishusha mifuko yote, akaifuta pikapu vumbi, akasema zile springi za kiti zitamchoma mtoto wa watu, akaipeleka kwa fundi wa viti nyuma ya gereji. Mtoto wa watu ni wewe.

Kiti kile unakijua kuliko sisi sote. Baba kwenye usukani, mimi dirishani kwa sababu ya kichefuchefu changu, wewe katikati, gia ikiwa kati ya magoti yako, ukipiga soga njia nzima. Tangu uondoke, hapo katikati hapakai mtu. Hakuna aliyekataza. Hata mkoba wangu wa shule naupakata.

Baba alimwagiza fundi maneno machache tu, akitengeneze kama kilivyokuwa. Fundi akaitikia kwa heshima zote. Tulipokwenda kuichukua pikapu tukakuta viti viwili. Viwili, Dada! Kimoja cha dereva, kimoja cha abiria, vyeusi, vinang'aa kama viatu vya bwana harusi. Katikati yake sanduku lililovalishwa ngozi ileile ya plastiki, lina matundu mawili ya kuwekea vikombe.

"Mzee, ingia ujisikie bosi," fundi akasema. "Nilipokifumua niliona pande mbili zimekwisha, pale kati pazima kama jana. Nikajua hapakaliwi. Nikasema ngoja nimfanyie mzee kitu cha kisasa."

Baba akaingia. Akaweka kiwiko juu ya sanduku, akakiondoa. "Kazi nzuri, fundi," akasema. "Asante sana." Na mimi, unanijua, nikasema rangi imependeza.

Hivyo ndivyo tulivyo bila wewe. Familia nzima tulikuwa na mdomo mmoja, nawe umeondoka nao. Ungekuwepo ungeshika kiuno, na yule fundi angejuta kujifunza kushona. Sisi tulirudi nyumbani, chupa ya maji ya Baba ikirukaruka kwenye tundu lake. Mama alitoka dukani, akachungulia ndani ya gari, akauliza jambo moja tu: "Na Kipaza Sauti wangu atakaa wapi?" Bado anakuita hivyo. Baba akajibu kwamba fundi amejitahidi, si vizuri kumvunja moyo, akaenda kunawa mikono ambayo haikuwa michafu.

Tangu hapo akawa anaendesha kama mtu aliyeazima gari. Na mimi nikawa nakuwaza unafungua ule mlango, begi mkononi, unakuta matundu ya vikombe. Ungecheka, najua. Lakini baadaye, ukiwa peke yako, ungesema moyoni kwamba tumeshazoea. Hatujazoea, Dada. Hilo ndilo lililonitoa nyumbani.

Shuleni tulikuwa tumefundishwa barua rasmi. Nikaandika ya malalamiko, anwani mbili, kichwa cha habari, kila kitu mahali pake. Mpango wangu ulikuwa nimkabidhi fundi bahasha kisha nitimue mbio.

Nilimkuta ana gundi mpaka kwenye viwiko. Dereva mmoja wa teksi alikuwa amejinyoosha kwenye kiti kilichong'olewa, anasubiri gari lake.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Mzee amefurahi?"

"Amefurahi sana," nikasema. Usinicheke. Nikamnyooshea bahasha.

"Mikono hii unaiona? Nisomee wewe."

"Soma kwa sauti, mwalimu," dereva akadakia, "na sisi wa nyuma tusikie."

Nikasoma. "Yah: Malalamiko kuhusu kuondolewa kwa nafasi ya katikati." Dereva alicheka hadi springi zikalia chini yake. Nikaendelea mpaka nikafika penye maneno "nafasi ambayo hukaliwa na dada yangu".

"Hukaliwa?" fundi akauliza. "Mbona hapajachakaa?"

"Yuko mbali."

"Anarudi lini?"

"Sijui."

Dereva hakucheka tena. Fundi akaitazama mikono yake. "Sasa na mzee wako naye! Mtu mzima ananipa mkono, ananiambia kazi nzuri, kumbe moyoni ana lake. Mwambie alete gari. Na hiyo barua niwekee pale juu ya cherehani. Mimi sijawahi kuandikiwa."

Nilimweleza Baba yote, hata habari ya barua, akairudisha pikapu kwa fundi. Kiti kimerudi, kimoja, cha watu watatu. Ila nisikudanganye. Ngozi nyeusi ilimwishia, kwa hiyo katikati ni kahawia, rangi ya chai iliyochacha. Sponji ya hapo ni ngumu, ukikaa utakuwa mrefu kuliko dereva. Na mshono wa mbele umekwenda upande, umepinda kama mwandiko wangu wa darasa la kwanza.

Fundi alisimama pembeni akingoja tuseme. Baba akapabonyeza pale katikati kwa kiganja, taratibu, akakiacha kiganja hapohapo. "Kazi nzuri," akasema, na safari hii niliamini. Kisha akanigeukia mimi, kama mtu anayesubiri barua ya pili.

Mshono nilikuwa nimeuona. Maneno nilikuwa nayo, tena mazuri. Nikayameza kwa makusudi.

Mama anakusalimu sana, anasema koti likibana usione haya kununua jingine. Mama Mdogo anakusalimu, bado anadai ile skafu uliyoondoka nayo. Baba hakunituma salamu, lakini kila akikaa kula ananiuliza shule zinafungwa lini, na kalenda imetundikwa mbele ya macho yake. Nisalimie yule rafiki unayeishi naye, mwambie namshukuru kwa kukupikia uji ulipougua. Mungu akukinge na baridi hiyo, akufungulie njia, na akikuleta akulete mchana tukuone vizuri unavyoshuka.

Nilimwambia fundi kwamba sisi tumeridhika, ila mwenye nafasi bado hajaukagua mshono. Akasema atasubiri. Sitamwambia neno, wala Baba hatamwambia. Umepinda palepale, Dada. Njoo umgombeze mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye, na bado nakaa dirishani,

Miwani