Dawa ya Kwelea

Hospitalini, Lushoto,
12 Desemba 1975

Dada yangu mpendwa Jenoveva,

Shikamoo. Huu ni mwaka wa nne tangu tuagane stesheni ya Kigoma, na ni mara ya kwanza nakuandikia nikiwa nimelala. Mama hajambo? Mguu wake unamruhusu kufika shambani? Na watoto, wameshazoea kijiji kipya mlichohamishiwa? Mimi sijambo kidogo. Usishangae mwandiko, ingawa hata zamani haukuwa mzuri.

Barua yako nimeipata. Unasema Yohane, mwenzangu wa kwenye mkonge, amefika huko na habari kwamba Wasambaa wamenilisha sumu, na kaka anataka kumwendea mganga ili aliyenifanyia arudishiwe. Unaniuliza jina la mtu huyo. Nitakutajia, ila kwanza soma yote.

Shamba la mkonge lilipotupunguza nilipata kibarua kwa Ndugu Kristofa, bwana ndege, kwenye ziwa dogo lililoko bondeni chini ya milima hii. Utacheka: kazi yangu ilikuwa kuhesabu ndege. Mvua za vuli zikikaribia, mwewe wa kila aina huja makundi kwa makundi kutoka kaskazini, tai wakubwa wa kahawia na kozi wadogo wenye miguu myekundu kama waliokanyaga rangi. Nilitembea ukingoni asubuhi na jioni nikiandika mwewe wangapi, korongo wangapi, bata wangapi. Waliotakiwa hasa ni mwewe, kwa sababu huwafuata kwelea, vile videge vinavyomaliza nafaka, wanaolala kwenye matete. Kwelea wenyewe huwezi kuwahesabu, wanapita kama moshi. Lakini mwewe wakizidi, ujue kwelea wamezidi, na mpunga wa shamba la kijiji uko hatarini. Watu walinitania sana. Nikipita waliniuliza kama mwewe nao wanatafutiwa kijiji cha ujamaa.

Nilikaa kwa Bi Hadija, mjane aliyeshuka kutoka milimani na wajukuu wake. Alinilisha kama mwanawe na kunitukana kama mwanawe. Wajukuu walinasa kwelea kwa wavu, yeye akawachinja kwa bismillahi na kuwakaanga. Kitoweo chetu kilikuwa hicho.

Mwezi uliopita mwewe walijaa hata miti ikainama. Nikapeleka hesabu kwa Kristofa, naye akaita eropleni. Katibu wa kijiji, Ndugu Abrahamu, akatangaza kwamba kesho jioni kwelea watapigwa dawa. Dada, neno hilo ndilo lililoleta balaa. Watu walisikia dawa, wakapiga makofi. Bi Hadija alisema serikali imefanya vizuri, ndege watalewa waanguke, naye atawahi na kisu kabla hawajafa, akaushe nyama ya kutosha. Tena kama wana dawa mwilini, labda kikohozi cha mjukuu wake Rehema kitapona humo humo.

Nikamwambia ni sumu. Akanijibu kwamba sisi Waha tuna tamaa, nataka niokote peke yangu. Nikaenda kwa Kristofa, nikamwomba atamke sumu mbele ya watu. Akakataa. Alisema wakilisikia neno hilo watayaogopa maji ya ziwa, wataizuia eropleni, na mpunga wote utaliwa. Akaahidi kwamba mgambo wawili watalinda ukingo. Hao mgambo niliwaona kesho yake, kila mmoja ana gunia kwapani.

Eropleni ilikuja jua likizama, ikapita chini chini juu ya matete, ikarudi, ikapita tena. Kulipokucha nilikuwa ukingoni. Kwelea walikuwa wametapakaa kama pumba, wengine bado wanapiga bawa moja. Mwewe walishaanza kula. Nilikuwa nahesabu kama kawaida nilipoona kozi anayumba kwenye tawi, halafu akaanguka, mdomo unatoka povu. Nyuma yangu watu wanateremka na vikapu, Bi Hadija mbele na kisu chake, wajukuu wanamkimbilia.

Nikamwokota yule kozi, nikamwinua juu, nikapiga kelele: sumu, sumu! Wakasita. Bi Hadija akamtazama ndege, akacheka.

“Huyu kafa kwa sababu hachinji,” akasema. “Sisi tutachinja.”

Watu wakaangua kicheko, wakaanza kuokota. Rehema alishajaza upindo wa gauni. Nikamshika bibi yake mkono, akajichomoa.

“Kama ni sumu, Muha, kula wewe tuone!”

Sasa nakutajia jina, dada. Hakuna Msambaa aliyenilisha. Nilichukua kwelea kutoka kikapu cha Bi Hadija nikamtafuna mbichi, na mwingine, na mwingine, mbele ya macho yao. Sikutaka kufa, usimwambie mama hivyo. Nilikuwa nimechoka kusema. Kisha nikakaa chini, wao wakicheka, mimi nikiomba sumu isichelewe, maana vikapu vilikuwa vinaendelea kujaa. Jasho likanitoka, mate yakanijaa mdomoni, macho yakaingia giza. Mwisho nilimsikia Bi Hadija akipiga yowe, wamwage, wamwage wote!

Walimwaga. Hakuna aliyekula. Bi Hadija mwenyewe alipanda nami lori mpaka huku, na mpaka leo analala sakafuni kando ya kitanda changu, ananinywesha uji na kuniita mjinga. Kristofa hakunifukuza kwa maneno, ila ziwani ameshaweka mtu mwingine.

Kwa hiyo mzuie kaka. Akienda kwa mganga kumtafuta aliyenilisha sumu, atakayepatikana ni mimi.

Nisalimie mama, nisalimie shemeji na watoto wote. Bi Hadija anakusalimu pia, anasema una ndugu mkaidi. Daktari anataka nibaki hapa hadi miguu ipate nguvu. Krismasi itanikuta huku, halafu nitapanda treni. Nitegemeeni Januari, kabla palizi haijaisha.

Mdogo wako,
Tobia