Waya Ulioachwa Bila Namba

Lyamkena, Makambako

Mwanangu Enesia,

Mama yako bado nipo huku kwa mwanao nikilea kitukuu, nakula, nalala, miguu inauma vile vile kama nilivyoondoka nayo. Sema ninyi huko Mlangali mmeamkaje. Kifua cha baba yako kimepungua, au bado anavuta ile tumbaku akidhani sijui? Mahindi mmeshapukuchua? Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu yangu ukiipokea unaweka sauti kubwa mpaka jirani anachangia, na haya si ya jirani.

Kaa chini kwanza. Mwanao Faraja amesimamishwa kazi.

Sikusikii ukilia, kwa hiyo endelea kusoma. Unajua kazi yake ni kompyuta za lile ghala la parachichi. Zimefungiwa kwenye chumba chembamba chenye feni, wanaziita wingu. Nilimuuliza wingu gani lenye kufuli, akasema ni wingu lao wenyewe, hawataki kukodi la watu wa nje. Mizani, magari, majina ya wakulima, vyote vinaishi humo. Ikaletwa mashine mpya, Faraja akaambiwa aiunganishe na zile za zamani, aitengenezee mtandao.

Alinieleza huku anakoroga uji wa mtoto, na mimi wa darasa la nne nikaelewa, basi wewe wa la saba usiniambie umeshindwa. Mashine ina nyaya mbili. Wa kwanza unapewa namba, ndiyo anwani yake, mashine nyingine zinaiita kwa hiyo. Wa pili unaachwa bila namba, makusudi. Ndani ya ile mashine zinakaa mashine nyingine ndogo ndogo kama wapangaji, nao ndio wanaopita kwenye waya wa pili, kila mmoja na anwani yake. Mwenye nyumba hajiandikishi pale. Ndivyo alivyofanya, na mambo yalikuwa yanakwenda.

Sasa mkubwa wa kampuni unamjua, ni baba mkwe wake, baba wa mumewe Joeli. Siku hiyo alitoka Njombe kuja kukagua. Mimi nilikuwa kwenye korido, nimempeleka mtoto akanyonye, mlango uko wazi. Akasimama nyuma ya Faraja, akagusa kioo kwa kidole, pale pa namba ya waya wa pili.

"Hapa mbona tupu?"

"Baba..."

"Nauliza, mbona tupu? Ofisi yangu haina nafasi tupu. Weka namba. Si hiyo hapo ukutani?"

Hiyo ya ukutani ilikuwa namba ya lango, pale mashine zote zinapopitia kwenda nje. Faraja alijua. Nilimwona shingo imeganda. Lakini mkamwana wa kwetu hambishii baba mkwe, hamtazami machoni, na huyu nimemlea mimi, ninyi mlikuwa shambani. Akaandika. Palepale malango yakawa mawili na hakuna mashine iliyojua ipite wapi. Mizani ikazimika, na kompyuta ya mezani kwake haikuifikia tena ile mashine. Ilibidi aende kuishika yenyewe, kule mwisho wa chumba.

Na yule mzee akavuta kiti, akakaa katikati ya njia. "Nasubiri," akasema. Ili uifikie mashine ilikuwa lazima upite mbele ya magoti yake, ukimgusa gusa. Mwanao akatoka akasimama koridoni nami.

"Ingia," nikamwambia.

"Bibi, baba yumo."

"Nimemwona. Mwambie asogee."

"Mwambie wewe."

Na mimi ni mkwe wake, simwondoi mwanaume kitini. Huko nje magari yamejaa parachichi, madereva wanapiga honi. Yule mama wa mizani akaja, mdomo wake unajulikana huku Lyamkena nzima. "Bibi, huyu fundi wenu amepigwa na baridi au? Mbona amesimama kama bibi harusi?" Nikamwambia akapime maneno yake kwenye mizani yake. Akajibu, "Ingekuwa inawaka ningepima."

Mzee alipotoka kunywa chai, Faraja aliingia, akaifuta ile namba, na vyote vikawaka kabla sijamaliza kumfunga mtoto mgongoni. Lakini magari mengine yalikuwa yameshaondoka kupeleka mzigo kwa wengine. Kwenye kikao ikaulizwa nani aliandika. Aliandika yeye. Mzee alikuwepo, akatazama meza.

Nikavaa kitenge changu cha kanisani nikaenda Njombe nyumbani kwake. Usinifokee. Mshenga ningemtuma vipi, aende kueleza nyaya? Nikamwambia yote. Hakukataa.

"Ni kweli, mama, nilimwambia mimi. Ila angenieleza."

"Unataka mkamwana anayekujibu?"

"Nyumbani, hapana."

"Na kazini?"

"Kazini angejibu."

"Angejuaje kwamba pale si nyumbani, na wewe anakuita baba?"

Akasema hawezi kusimama mbele ya vijana kukiri, watamdharau. Akaniagizia kuku wa kuondoka naye. Kuku nilimwacha pale pale, amefungwa miguu.

Nilidhani nimefanya kazi. Nilipomsimulia Faraja akaweka kijiko chini. "Bibi, umemwambia uso kwa uso? Basi sirudi pale hata wakiniita. Nitapita wapi mbele yake?" Joeli amepiga simu toka Tandala, analaumu kwamba tumemvunjia baba yake heshima. Kwa hiyo kazi hakuna, na ukweni hakukaliki.

Wameleta fundi mwingine, kijana wa mbali, hana undugu na mtu yeyote huku. Mama wa mizani ndiye aliyetuletea habari, safari hii bila utani. Mzee alimuuliza yule kijana, hapa mbona tupu? Kijana akajibu bila hata kugeuka, "Ndivyo inavyotakiwa, mzee." Mzee akasema sawa, akaenda zake.

Faraja alisikia hayo akaingia ndani. Hali chakula vizuri, maziwa yanamkauka, mtoto analia. Uliniuliza nitarudi lini kupanda maharage. Pandeni bila mimi, na upande kwa mistari, usitupetupe kama mwaka jana.

Msalimie baba yako na kifua chake. Msalimie mdogo wangu anayenichungia mbuzi, na shemeji yako fundi cherehani. Wakiuliza Faraja hajambo, sema hajambo, uishie hapo. Na wewe usimpigie kumwambia avumilie. Nilishamwambia mimi, akaniuliza avumilie nini zaidi, na mimi mama yako, unayenijua, nikachukua mwiko nikakoroga uji wa mtoto.

Ni mimi niliyekuzaa,
Mama