Kinywaji Ulichokunywa Uani kwa Adusei

S.L.P. 318,
Lomé.
9 Septemba 1992

Mpendwa mwanangu Boahen,

Pokea salamu zangu. Mimi ni mzima, ila magoti yamekataa ngazi. Natumaini u mzima, mkeo Dufie pia, na kwamba mvua za Bekwai hazikuharibu kakao mliyoanika. Nakujulia hali kwa sababu ndivyo tulivyolelewa. Lakini nina hasira, na sitaificha.

Pokuaa, binti wa marehemu mjomba wako Adusei, amefika kwangu na mfuko mmoja wa nguo. Anasema mara tu baada ya arobaini ya baba yake ulitia kufuli mpya mlangoni, ukatupa masufuria ya mama yake nje. Wifi yangu Afua alipokuuliza alale wapi, ulimjibu mbele ya majirani: “Mkazamjomba, wewe uliolewa na mjomba, hukuolewa na nyumba.” Sasa mjane mwenye nyumba yake analala jikoni kwa jirani.

Nasikia hoja yako ni kwamba mjomba hakuacha wosia, kwa hiyo mali ni ya ukoo wa mama, na mrithi wa ukoo ni wewe, mtoto wa dada yake. Mwanangu, umesahau Jumatatu ile ya Pasaka nilipokuja likizo? Adusei alisimama uani, sote tumeketi, akasema, “Nyumba hii nimempa Afua na wanawe, leo, nikiwa hai.” Afua akaleta chupa mbili za pombe ya jini kushukuru. Wewe ulikunywa ya kwanza, ukamtania: “Shukrani gani hii kavu, mkazamjomba? Nyama iko wapi?” Akachinja kondoo. Paja ulilila wewe.

Kwetu Waasante kinywaji kile ndicho saini. Anayekinywa amekubali kwamba kitu kimetolewa na kimepokewa. Nyumba ilitoka mikononi mwa Adusei siku ile, hivyo alipokufa haikuwa tena mali yake ya kugawanywa. Ulitafuta karatasi kila sanduku, na ushahidi ulikuwa tumboni mwako.

Na hata asingempa, bado ungekuwa umekosea. Ile sheria ya mirathi ya mwaka themanini na tano iliandikwa kwa ajili ya watu kama wewe. Mtu akifa bila wosia, nyumba aliyojenga kwa jasho lake huenda kwa mke na watoto, na vyombo vya ndani pia. Shamba la kakao la bibi yetu ni la ukoo, hilo sikatai. Nyumba ya Adusei hakuna tofali la ukoo ndani yake. Tena kumfukuza mjane kabla mahakama haijagawa mirathi ni kosa la jinai. Muulize wakili yeyote wa Kumasi, usiwaulize wenzako wa kwenye pombe.

Wazee walipotuma mtu hadi huku kuuliza nani akae mahali pa Adusei, nilikutaja wewe, kwa kuwa mimi ndiye mwanamke mkubwa wa ukoo. Nilikupa watoto wa kusomesha na mjane wa kutunza. Sikukupa funguo.

Miaka mingi niko ugenini, na nyumbani nimebakiwa na jina letu tu. Nalo unalichafua.

Mfungulie Afua. Usipofungua, nitawaandikia wazee wakuondoe, kisha nitapanda basi nije niketi kando yake mbele ya hakimu, niseme ulichokunywa. Watu watasema mama amemshitaki mwanawe. Itakuwa kweli.

Nisalimie Dufie, kaka yako Owusu, na Opoku mzee wa kanisa. Afua usimpelekee salamu zangu. Zangu atazipata kwa Pokuaa. Wewe mpelekee ufunguo.

Mungu akujalie kuona haya mapema.

Ni mimi nikupendaye, na kwa hiyo nimekasirika,
Mama yako mkubwa,
Konadu